Shiti za Excel zilizofichwa: njia tano za kuzirudisha, na ipi inakufaa

Faili la manunuzi ya karafuu limefunguka bila tatizo. Shiti ya "Jumla" inaonyesha kilo na fedha za vituo vyote vinne, lakini chini ya dirisha yapo majina matatu tu: Jumla, Wete na Micheweni. Mkoani na Chake Chake hazionekani, na aliyelitengeneza faili kashahamishwa afisi. Namba zinatoka mahali, ila mahali penyewe hapaonekani.

Ukiuliza, kila mtu atakupa dawa yake. Mmoja atakwambia bonyeza kulia, mwengine atakutajia Alt na F11, wa tatu atakuelekeza LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Excel, na fundi wa kompyuta atasema ligeuze faili liwe zipu. Wote wamesema kweli, ila kila dawa ina ugonjwa wake. Hapa tunaziweka njia tano mbele ya maswali yale yale ili uchague kwa kujua.

Tunazipimaje

Maswali ni manne. Kwanza, njia inafika wapi: inazitoa shiti zilizofichwa kawaida peke yake, au hata zile zilizofichwa kwa kina? Pili, inahitaji nini: Excel ya kompyuta, bando, programu nyengine, au mkono uliozoea? Tatu, inakwama wapi na kwa nini. Nne, inaweza kuliharibu faili kwa kiasi gani.

Swali la kwanza ndilo linaloamua mengi. Excel huipa kila shiti hali moja kati ya tatu: inaonekana, imefichwa, au imefichwa kwa kina. Hali ya pili ndiyo ile ya kubonyeza jina la shiti na kuchagua "Hide". Mtu yeyote anaifanya na mtu yeyote anaiondoa. Hali ya tatu, ambayo kwenye Excel yenyewe inaandikwa "VeryHidden", haiwekwi kwa menyu za kawaida. Huwekwa kupitia dirisha la VBA (lugha ya programu iliyomo ndani ya Excel) au kwa makro (amri zilizoandikwa kwa lugha hiyo), na shiti iliyo katika hali hiyo haitajwi kwenye orodha ya "Unhide". Mtu anafungua orodha, haioni shiti yake, anahitimisha kuwa imefutwa. Hapo ndipo watu wanapoanza kuandika upya data ambayo bado imo ndani ya faili.

Juu ya hali hizo kuna kufuli ya muundo wa faili, inayowekwa kwa "Protect Workbook" kwenye menyu ya "Review". Kufuli hii haifichi kitu, lakini inazuia kufichua, kuongeza, kufuta na kubadilisha jina la shiti. Usiichanganye na "Protect Sheet", inayofunga seli za shiti moja tu na isiyozuia kuifichua. Wala usiichanganye na neno la siri la kufungulia faili, ambalo hulisimba faili zima. Kama hulijui, hakuna njia hata moja hapa itakayokusaidia.

Kabla ya kuchagua: imefichwa kweli?

Angalia fomula kwanza. Kama seli ya jumla ina =Mkoani!F40 na inatoa namba, shiti ipo. Kama fomula yenyewe imegeuka kuwa =#REF!F40, shiti imefutwa, na hakuna njia ya kufichua itakayoirudisha; Ctrl na Z haitengui kufutwa kwa shiti. Tafuta nakala ya zamani: kama faili limehifadhiwa OneDrive, nenda "File", "Info", "Version History". Kama halikuhifadhiwa huko, tafuta kwenye fleshi, kwenye barua pepe zilizotumwa, au kwa mwenzako aliyewahi kutumiwa.

Kipimo cha pili ni chepesi zaidi na hakijulikani sana. Katika seli yoyote tupu andika =SHEETS() ubonyeze Enter. Excel, kuanzia toleo la 2013, itakupa idadi ya shiti zote zilizomo, zinazoonekana, zilizofichwa na zilizofichwa kwa kina. Ikikupa 5 na wewe unahesabu majina matatu chini, ziko mbili zimejificha. Ikikupa 3, acha kutafuta humu. Tafuta faili jengine. Futa fomula hiyo ukimaliza, isije ikabaki kwenye ripoti.

Kisha ziondoe sababu za bure. Wakati mwengine majina yote ya shiti hayaonekani, hata moja: fungua "File", "Options", "Advanced", shuka hadi sehemu ya kuonyesha faili hili, na weka alama kwenye "Show sheet tabs". Wakati mwengine shiti ni nyingi na jina limesogea nje ya ukingo. Bonyeza kulia kwenye vishale vidogo vya pembe ya kushoto chini, utapata orodha ya zinazoonekana zote. Na kama dirisha zima ni kijivu tupu ilhali faili limefunguka, lililofichwa ni dirisha lenyewe: "View", kisha "Unhide".

Sababu moja inastahili kuangaliwa vizuri kwa sababu inawasumbua watu wengi wanaopokea mafaili kutoka afisi nyengine. Kuna mafaili ya makro, yenye kiambishi .xlsm, yaliyotengenezwa hivi: yakifungwa, makro inazificha kwa kina shiti zote isipokuwa moja yenye maelezo ya kuwasha makro, yakifunguliwa na makro ikaruhusiwa, shiti zinarudi zenyewe. Tangu 2022 Microsoft inazuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti kama hatua ya usalama. Faili likija kwa barua pepe, Windows inalitia alama kuwa limetoka nje, makro haifanyi kazi, shiti hazirudi. Hapo huhitaji kufichua kitu. Kama unamjua aliyetuma na umethibitisha naye kuwa ndiye aliyetuma, funga faili, bonyeza kulia jina lake ndani ya folda, chagua "Properties", weka alama kwenye "Unblock" chini kabisa, kisha lifungue tena. Kama humjui aliyetuma, usiguse alama hiyo. Nenda moja kwa moja kwenye njia ya tano.

Na kwa njia zote tano: tengeneza nakala ya faili kwanza, fanyia kazi nakala. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, asili ibaki salama.

1. "Unhide" ya Excel yenyewe

Inafika wapi. Shiti zilizofichwa kawaida tu. Zilizofichwa kwa kina haizitaji kabisa, wala haikwambii kuwa zipo.

Inahitaji nini. Excel yoyote. Kwenye kompyuta bonyeza kulia jina lolote la shiti, chagua "Unhide", chagua jina, kubali. Kwa kibodi: Alt, kisha H, O, U, H kwa mfuatano, si kwa pamoja. Excel 2021 na Microsoft 365 zinakubali kuchagua shiti nyingi kwa mpigo ukishikilia Ctrl; Excel 2019 na za nyuma yake zinatoa moja moja, na kwa faili lenye shiti ya kila mwezi hiyo ni kazi ya kuchosha. Kwenye simu, bonyeza jina la shiti kwa muda mpaka menyu itoke. Excel ya kwenye kivinjari nayo inayo amri hii.

Inakwama wapi. Ukikuta "Unhide" imefifia, sababu ni moja kati ya mbili: hakuna shiti iliyofichwa kawaida, au muundo umefungwa. Fungua "Review" uangalie kama kitufe cha "Protect Workbook" kimewaka rangi. Kimewaka? Kibonyeze mara moja. Watu wengi huweka kufuli hii bila neno la siri, na inafunguka papo hapo. Ikiomba neno la siri, mtafute aliyeweka.

Hatari. Karibu hakuna. Kumbuka tu kuwa ukihifadhi, shiti zitabaki wazi kwa kila atakayelifungua faili baada yako.

Inamfaa nani. Kila mtu, kama hatua ya kwanza. Mwalimu aliyeficha shiti za muhula uliopita ili asichanganyikiwe hahitaji kusoma zaidi ya hapa.

2. Dirisha la VBA

Inafika wapi. Aina zote mbili za kufichwa. Hapa ndipo shiti zilizofichwa kwa kina zilipofichiwa, na hapa ndipo mahali pake pa asili pa kuzitoa.

Inahitaji nini. Excel ya kompyuta. Ya kivinjari na ya simu hazina dirisha hili, na WPS ya bure, programu nyengine ya kufungulia mafaili ya Excel, mara nyingi haina VBA. Huhitaji kujua kuandika makro.

Bonyeza Alt na F11. Kwenye laptopu nyingi F11 imepewa kazi nyengine, kwa hiyo ongeza Fn. Kama orodha ya mafaili haionekani kushoto, bonyeza Ctrl na R. Utaona jina la faili lako na chini yake shiti zote, pamoja na zile zisizoonekana kwengine. Bonyeza jina la unayoitaka, kisha F4 kufungua dirisha la sifa. Sifa ya mwisho kabisa ni "Visible", nayo ina thamani tatu: -1 inaonekana, 0 imefichwa, 2 imefichwa kwa kina. Chagua -1, rudi kwenye Excel, shiti iko pale.

Kama ni nyingi, bonyeza Ctrl na G kufungua dirisha dogo la amri za papo kwa papo. Kabla ya kufichua chochote, ni vyema kuona orodha kwanza. Andika mstari huu na ubonyeze Enter:

For Each s In Sheets: Debug.Print s.Name, s.Visible: Next

Itatoka orodha ya majina na namba zake. Iweke mahali, ndiyo kumbukumbu yako ya jinsi faili lilivyokuwa, na utaihitaji ukitaka kuzirudisha shiti kwenye maficho yake. Kisha:

For Each s In Sheets: s.Visible = -1: Next

Shiti zote zinafunguka kwa mara moja. Amri hizi hazibaki ndani ya faili, kwa hiyo .xlsx inabaki .xlsx, huna haja ya kuihifadhi kama faili la makro.

Inakwama wapi. Mahali pengi zaidi kuliko njia ya kwanza. Ukipata kosa namba 1004 unapobadilisha "Visible", muundo umefungwa. Rudi kwenye "Protect Workbook". Ikiwa mafaili mawili yamefunguliwa, amri inafanya kazi kwenye lile lililo mbele, na watu hufichua shiti za faili lisilohusika wakashangaa. Ukibonyeza jina la faili kushoto likaomba neno la siri, aliyeliandaa amefunga sehemu ya VBA. Atakayekupa neno hilo ni yeye. Na kuna lile la kuudhi: unafichua, unahifadhi, kesho unafungua na shiti zimejificha tena. Sababu ni makro inayofanya kazi faili linapofunguliwa au linapofungwa. Lifungue kupitia "File", "Open" huku umeshikilia Shift ili makro ya kufungulia isianze, ufichue, kisha unakili shiti hiyo kwenye faili jipya badala ya kushindana na makro kila siku.

Hatari. Ndogo, ila ipo. Shiti zilizofichwa kwa kina aghalabu ni za mahesabu ya ndani: orodha za kuchagulia, bei, viwango, madaraja ya alama. Ukifuta safu moja huko kwa kudhani ni takataka, fomula za shiti nyengine zinavunjika kimya kimya.

Inamfaa nani. Mhasibu au afisa takwimu anayelirithi faili la mtu mwengine na anahitaji kujua kila kilichomo. Kwa kazi ya namna hiyo, na kama Excel ya kompyuta ipo, hii ndiyo tungeianza.

3. LibreOffice Calc

Inafika wapi. Aina zote mbili, na kwa urahisi unaowashangaza watu wa Excel. Calc haina daraja la kuficha kwa kina. Shiti ya namna hiyo inapoingia humo inahesabiwa kuwa imefichwa tu, na inatokea kwenye orodha pamoja na nyengine.

Inahitaji nini. Programu yenyewe, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kuipakua ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo si kazi ya bando la siku. Ichukue penye Wi-Fi, au mwombe mwenye nayo akupe kwa fleshi. Ukishaifungulia faili: menyu ya "Sheet", kisha "Show Sheet", chagua majina kwa Ctrl, kubali.

Inakwama wapi. Kufuli ya muundo inaheshimiwa huku pia. Ila ugumu wake mkubwa unakuja wakati wa kuhifadhi. Itakuuliza utumie muundo gani. Ukichagua ODF, aina ya faili ya LibreOffice yenyewe, wenzako wa Excel wanaweza kukwama, na ukichagua wa Excel, baadhi ya vitu havirudi kama vilivyokuwa. Vitufe vya kuchujia data vinavyoitwa "Slicer" haivijui. Maunganisho ya Power Query, yanayovuta data kutoka nje ya faili, hayafanyi kazi. Fomula mpya kama XLOOKUP na FILTER ziliingia LibreOffice toleo la 24.8 tu, kwa hiyo toleo la zamani litakuonyesha makosa mahali ambapo Excel inatoa jibu.

Hatari. Ya kati, kwa sababu hiyo hiyo ya kuhifadhi. Kanuni nzuri: itumie Calc kutazama na kunakili, si kuandika juu ya asili. Fichua, chagua data, inakili, ibandike kwenye faili jipya.

Inamfaa nani. Skuli au jumuiya isiyo na leseni ya Excel, na mtu mwenye kompyuta ya Linux. Pia yule anayeogopa dirisha la VBA. Woga huo si aibu, dirisha lile limejaa vitu.

4. Google Sheets

Inafika wapi. Shiti zilizofichwa kawaida. Kwa zilizofichwa kwa kina usiitegemee. Tumia njia ya 2, 3 au 5.

Inahitaji nini. Akaunti ya Google, intaneti, na faili lipandishwe kwenye Drive. Fungua kwa Google Sheets, nenda "View", "Hidden sheets", bonyeza jina. Au bonyeza alama ya mistari chini kushoto, inayoorodhesha shiti zote. Zilizofichwa zina rangi iliyofifia.

Inakwama wapi. Ukipewa ruhusa ya kutazama tu, shiti zilizofichwa huzioni. Kama mwenye faili hakuzuia kunakili, "File", "Make a copy" inakupa nakala yako ambayo ndani yake unaweza kufichua. Hapo ujue jambo moja ikiwa wewe ndiye mwenye faili: kuficha shiti ya mishahara kisha kutuma kiungo si ulinzi hata kidogo. Makro za VBA hazifanyi kazi Google Sheets, na mtandao ukikatika nawe umesimama.

Hatari. Kwa faili lenyewe, ndogo, kwani asili inabaki kwenye kompyuta yako, na kama umekosea ndani ya Google ipo historia ya matoleo. Kwa yaliyomo, hatari ni kubwa zaidi. Orodha ya wagonjwa, ya wanafunzi na alama zao, au ya wafanyakazi wa hoteli na mishahara yao haipandishwi kwenye akaunti binafsi ya mtu kwa sababu tu shiti imepotea.

Inamfaa nani. Timu ambayo tayari inafanyia kazi Google, na mtu aliye mbali na kompyuta yenye Excel.

5. Kulifungua faili kama zipu

Inafika wapi. Aina zote mbili, bila ya Excel kuwashwa. Mafaili ya .xlsx na .xlsm ni zipu zenye mafaili madogo ya maandishi ndani yake, na hali ya kila shiti imeandikwa kwenye moja ya hayo.

Inahitaji nini. Windows na Notepad vinatosha, pamoja na subira. Kwanza onyesha viambishi vya majina: katika dirisha la folda, "View" (kwenye Windows 11, kisha "Show"), weka alama kwenye "File name extensions". Badilisha jina la nakala kutoka Karafuu.xlsx kuwa Karafuu.zip, ukubali onyo. Ifungue kwa kubofya mara mbili, ingia folda ya xl, nakili faili la workbook.xml uliweke nje ya zipu, lifungue kwa Notepad. Tafuta neno state. Utaona kipande cha namna hii:

<sheet name="Chake Chake" sheetId="4" state="veryHidden" r:id="rId4"/>

Futa state="veryHidden" peke yake, pamoja na nafasi iliyo mbele yake. Usifute kipande kizima, wala usibadilishe mpangilio wa vipande; mafaili mengine ya ndani yanazitegemea namba hizo. Hifadhi, lirudishe faili ndani ya folda ya xl ukikubali lichukue nafasi ya lile la zamani, kisha geuza .zip iwe .xlsx.

Inakwama wapi. Kosa linalotokea zaidi ni kuitoa zipu yote kwenye folda, kuhariri, kisha kuizipu folda ile badala ya vilivyomo ndani yake. Excel inakuta folda mahali ilipotarajia mafaili, na inakataa kufungua. Kosa la pili ni kuhariri kwa Word, inayobadilisha alama za nukuu zikawa zilizopinda, tumia Notepad. Mafaili ya .xls ya zama za Excel 97 hadi 2003 si zipu, njia hii haiyagusi. Ya .xlsb ni zipu, lakini ndani yake badala ya maandishi kuna faili la workbook.bin lisilosomeka kwa Notepad. Na lililosimbwa kwa neno la siri la kufungulia halifunguki kama zipu kabisa.

Hatari. Kubwa kuliko zote ukifanya kwenye asili. Hakuna kitufe cha kutengua. Kwenye nakala, baya kuliko yote ni nakala isiyofunguka.

Inamfaa nani. Fundi, na mtu ambaye Excel yake imezuiwa na afisi kutumia VBA. Ina sifa moja ambayo njia nyengine hazina: unaweza kusoma workbook.xml bila kubadilisha herufi moja, ukajua majina ya shiti zote na hali zao, pasipo makro yoyote kupata nafasi ya kuanza. Kwa faili usilojua limetoka kwa nani, huo ndio ukaguzi salama.

Na kama unataka namba tu

Si kila mtu anahitaji shiti irudi. Kama jina lake unalijua, soma yaliyomo bila kuigusa: fungua faili jipya tupu, na lile la karafuu likiwa limefunguliwa, andika kwenye A1

='[Karafuu.xlsx]Chake Chake'!A1

kisha iburute fomula kulia na chini. Alama za nukuu moja zinahitajika kwa sababu jina lina nafasi katikati. Kwa Mkoani unaweza kuziacha. Seli tupu zitaonyesha 0. Ukikosea jina, Excel itafungua dirisha la kukutaka uchague shiti au faili. Funga, andika sawa. Njia hii inasoma hata shiti iliyofichwa kwa kina, na faili la asili halibadiliki.

Jihadhari na "Inspect Document", iliyo chini ya "File", "Info", "Check for Issues". Inakwambia idadi ya shiti zilizofichwa, na kwa hilo inafaa. Lakini kitufe chake cha "Remove All" kinazifuta shiti hizo. Hakizifichui.

Kwa hali yako

Faili ni lako na ulificha mwenyewe: njia ya kwanza, na usihangaike na nyengine.

"Unhide" inafunguka lakini shiti unayoitaka haimo, na =SHEETS() inaonyesha zaidi ya unazoziona: imefichwa kwa kina. Mwenye Excel ya kompyuta aende VBA. Asiye nayo aende LibreOffice, mradi asihifadhi juu ya asili.

"Unhide" imefifia na "Protect Workbook" inaomba neno la siri: simu kwa aliyeliandaa ni ya haraka kuliko njia yoyote. Kama kahama, mkuu wa kitengo ndiye wa kuulizwa nani amekabidhiwa neno hilo. Wakati unasubiri na kazi ni yako kwa haki, fomula ya kusoma kutoka faili jengine itakupa namba za ripoti.

Faili limekuja kwa barua pepe likiwa na shiti moja tu inayosema washa makro: si shiti zilizopotea. Thibitisha mtumaji, kisha "Unblock". Usipoweza kumthibitisha, soma workbook.xml kwa njia ya tano, na usiruhusu makro.

Uko kwenye simu, Mkoani au Kojani, na kompyuta iko mjini: jaribu Excel ya simu kwa shiti zilizofichwa kawaida. Kama haitoki hapo, mwombe aliye afisini afungue Alt na F11, akusomee orodha kwa mstari ule wa Debug.Print, jina likishajulikana, mengine yatasubiri kompyuta.

Mafaili ni mengi, ya vituo vyote na misimu kadhaa: usifichue moja moja kwa mkono. Andaa makro moja au programu ndogo ya lugha ya Python yenye openpyxl, maktaba ya kusomea mafaili ya Excel, ambayo inaisoma hali ya kila shiti kupitia sifa ya sheet_state, na uitumie kutengeneza orodha tu. Ukiitumia kuhifadhi, michoro iliyobandikwa juu ya shiti inaweza kupotea. Orodha ikishatoka utajua ni mafaili gani machache yanayostahili kufunguliwa kwa njia ya pili.

Na unayetuma faili ukiwa umeficha shiti ambayo hutaki isomwe: iondoe kabla ya kutuma. Nakili shiti za kupeleka kwenye faili jipya, geuza fomula zake kuwa thamani kwa "Paste Values", utume hilo.